Meza ya baraza: mbao za jahazi au za paleti?

Mimi ni wa mbao za jahazi kuukuu. Ukipata mvule au msaji, umepata mti uliokwisha kukomaa kwa jua na chumvi, na mchwa hauli ovyo. Ila kazi yake! Msumari ulioliwa na kutu hujificha ndani ukatia pengo kisu cha randa, na harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa jahazi, haitoki mpaka upige msasa hasa. Bei nayo si ya mchezo.

Paleti za bandarini Malindi, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, aghalabu ni msonobari. Nyepesi, zafaa rafu za ndani. Tazama muhuri: HT zimepashwa moto, nyuzi 56 kwa dakika 30. MB zilifukizwa methili bromidi, sumu hiyo. Ziache, hata kuni usifanye.