Semina ya kusikia sauti ya Mungu hapa Nakuru: Jumamosi asubuhi moto, mchana ziii

Wapendwa mnaoniuliza kuhusu ile semina ya wikendi ya kujifunza kutambua sauti ya Mungu, haya basi. Jina la kituo sitataja, ni huko juu ukielekea Menengai, walioona bango la tangazo wanajua. Ada ni 1,500 na chakula kiko ndani, malazi unajipangia mwenyewe.

Ijumaa jioni ilikuwa ni kusifu na matangazo tu, ukichelewa hujakosa kitu.

Jumamosi asubuhi ndio semina yenyewe. Kwanza simu zote zinaingia kwa beseni ya plastiki, yako imebandikwa jina na selotepu, beseni inawekwa chini ya meza pale mbele, na somo linaendelea huku zikitetemeka humo ndani na watu wanageuza shingo kila dakika. Anayefundisha ni mama wa makamo, anaongea polepole, hapigi kelele wala hakwambii umwambie jirani yako kitu. Alianza na Samweli, ile sura ya 3 tuliyofundishwa sandei skuli tukadhani tumeimaliza. Akasema angalieni, kijana ameitwa mara tatu na mara zote tatu anakimbilia kwa kuhani Eli, yaani sauti ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba alidhani ni mzee wake anamuita, na aliyemsaidia kuelewa ni huyo huyo Eli ambaye macho yameshafifia na wanawe wameharibika. Halafu ujumbe wenyewe sasa, ni hukumu juu ya nyumba ya Eli! Kijana akalala mpaka asubuhi anaogopa kumwambia. Hapo mama akatuuliza, wewe mara ya mwisho Mungu akuambie kitu hukutaka kusikia ilikuwa lini? Aki ukumbi wote ulinyamaza, hata mimi nikajifanya natafuta biro.

Kuna dada aliuliza, nimeota niko kwa ndege na wiki hiyo hiyo ajenti wa kazi za Qatar akanipigia, si huyo ni Mungu? Mama hakusema ndio wala hapana. Alimuuliza mkataba umeusoma? Mumeo anasemaje? Wanaokuombea umewaambia, ama umewaambia tu baada ya kuamua? Na hiyo haraka uko nayo ni amani ama ni ajenti anataka pesa kabla ya Ijumaa? Ndio akaenda Matendo 16, Paulo anazuiwa kuhubiri Asia, anajaribu Bithinia anazuiwa tena, ndio anaona maono ya yule mtu wa Makedonia, na hata hapo hakuondoka peke yake, ni yeye na wenzake waliona pamoja kwamba ni Mungu anawaita. Nilipenda hiyo sana kwa sababu huku kwetu mtu akisema Bwana ameniambia, mjadala umeisha, nani atapinga?

Baadaye tukatumwa nje chini ya miti na kile kifungu cha nabii Elia pale mlima Horebu, upepo, tetemeko, moto, halafu ile sauti ndogo, kila mtu akae kimya na hicho tu. Bebeni sweta, baridi ya huko asubuhi si mchezo. Bahati mbaya kanisa la jirani walianza kujaribu spika, heloo heloo wan tu, lakini hiyo si makosa ya waandaaji.

Mchana wakaleta mgeni na hapo ndipo niliboeka. Tukapangwa wawili wawili na watu hatujuani, funga macho, sema chochote kinachokuja kwanza, hiyo ndiyo sauti. Wangu akaniambia anaona gari nyeupe inakuja kwangu. Ndugu yangu, simama stage ya Njoro uniambie gari gani si nyeupe! Kupima kote tulikofundishwa asubuhi hakuna aliyekugusia. Halafu ikatangazwa anayetaka neno lake binafsi amuone mgeni na mbegu, yaani sadaka, ya 2,000. Hapana jameni. Nabii Elisha alikataa zawadi za Naamani aliyeponywa ukoma, na mtumishi wake Gehazi aliyezikimbilia aliishia na ukoma huo, na hiyo iko kwa Biblia hiyo hiyo tulikuwa tumeshika.

Chakula kilikuwa sawa, ugali, kabichi na nyama ya kuonja, chai ya maziwa kweli kweli. Vyoo visafi, maji yapo.

Nampa yule mama nyota tano, mgeni moja, na hiyo moja ni ya suti. Mkienda ulizeni kama Jumamosi peke yake inalipiwa, kwa simu mimi niliambiwa haiwezekani, lakini jamaa tuliyekaa naye alishuka kwa boda asubuhi hiyo akalipa 700 hapo mlangoni.