Kuwasha injini ya turbini: mkono wa rubani au kompyuta?

Pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja ya turbini, huwashwa kwa mkono. Stata, yaani mota ya umeme ya kuwashia, inazungusha injini, rubani anangoja kasi ifike asilimia 12 au zaidi, ndipo anasukuma wenzo wa mafuta. Akiharakisha, au betri ikiwa imechoka, mafuta yanazidi hewa na joto linapanda kwa kasi ya kutisha. Kwenye PT6A-114A, injini ya Caravan, nyuzi 1,090 za Selsiasi zinaruhusiwa kwa sekunde 2 tu. Kwa hiyo jicho haliondoki kwenye geji na mkono haubanduki kwenye wenzo. Sindano ikikimbia, kata mafuta, acha stata iendelee kuzungusha ili injini ipoe. Na Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600. Hewa ni nyepesi, haisamehi pupa.

Kwenye injini zinazowashwa na kompyuta, kompyuta ndiyo hupima kasi na joto mfululizo, ikitoa mafuta kwa kiasi. Nyingi hukata mafuta zenyewe joto likizidi, ndege ikiwa bado ardhini.

Kwa marubani wapya ningechagua kompyuta bila kusita. Kwa viwanja vya mbali kule kaskazini bado naupenda wenzo, kwa sababu fundi anauelewa na kuurekebisha bila kompyuta, mradi betri ipimwe kila asubuhi.