Uzoefu wangu na risasi za Swift A-Frame katika uwindaji wa nyati

Bunduki yangu ni .375 H&H Magnum, aina iliyotolewa na Holland & Holland ya Uingereza mwaka 1912, na ambayo hapa Tanzania ndiyo kaliba (kipenyo cha mtutu) ya chini inayokubalika kwa nyati, simba na tembo. Nimeitumia kwa misimu sita katika pori la Rungwa, na kwa misimu minne ya mwanzo niliamini kwamba ukubwa wa bunduki ndio unaomaliza kazi.

Imani hiyo ilivunjwa na fahali mmoja niliyempiga begani, kwa umbali wa hatua sitini hivi, kwa risasi ya bei nafuu yenye kichwa laini kilichofunikwa kwa ganda jembamba. Kichwa kilipasukia kwenye mfupa kabla hakijafika kwenye mapafu. Tulimfuata mnyama yule aliyejeruhiwa tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, ndani ya majani marefu, mfuatiliaji wa nyayo akitangulia bila silaha yoyote. Wakati wa kumchuna tulikuta vipande vimetawanyika kwenye nyama kama punje za mtama. Nilishindwa kumtazama usoni yule mfuatiliaji.

Tangu hapo natumia Swift A-Frame ya greni 300, yaani gramu 19.4. Ndani ya kichwa chake kuna ukuta wa shaba unaokigawa sehemu mbili: sehemu ya mbele, ambayo madini yake ya risasi yameunganishwa na ganda ili yasimeguke, hufunguka kama uyoga, na ya nyuma hubaki nzima ikiendelea kusukuma. Fahali wa msimu uliopita nilimpiga theluthi ya chini ya kifua, sawa na mstari wa mguu wa mbele, ambapo ndipo moyo wa nyati ulipo; akakimbia kidogo, akaanguka. Kichwa cha risasi tulikitoa chini ya ngozi ya upande wa pili, kimepanuka karibu mara mbili ya unene wake, kingo zimejikunja kwa nyuma. Nilikipima Chunya kwenye mizani ya mnunuzi wa dhahabu, kikawa na gramu 18.3.

Bei yake ni kubwa, na kama ilivyo kwa risasi yoyote mpya, lazima urekebishe shabaha upya: kwangu ilipiga vidole vinne chini ya ile ya zamani kwa mita 100. Kwa fuvu la tembo haifai, kwa kuwa pale panahitajika risasi ngumu isiyofunguka kabisa. Hata kwa nyati, ya kwanza ndani ya chemba, tayari kufyatuliwa, huwa A-Frame na zinazofuata huwa ngumu, endapo atageuka na kutujia. Hizo ngumu huweza kupita mwilini na kumjeruhi aliye nyuma, kwa hiyo nyati akiwa katikati ya kundi nasubiri mpaka atengane na wenzake, hata ikinilazimu kurudi kambini mikono mitupu.