Kinjeketile Mtwara: igizo nawapa mia, ukumbi siwapi kitu

Mkitaka kujua tiketi bei gani na wanaanza saa ngapi ulizeni mlangoni, mi naandika kwa sababu bado nina hasira na nisipoitoa itanidhuru. Walimfokea bibi yangu. Mtu mzima wa umri ule, katoka zake Kipatimu kuja kupumzika kwangu hapa Mtwara, nikasema nimtoe out kidogo tukaangalie Kinjeketile, afu kijana wa kukagua tiketi anamwambia "Bibi nyamaza, hapa siyo ngomani."

Kikundi chenyewe hakina kosa, niliweke hilo wazi, tena wale watoto nawapenda sana.

Igizo hili wengi tumelijulia kwenye kitabu. Ebrahim Hussein ni wa huku huku kwetu kusini, mkoa wa Lindi, kitabu kimetoka 1969, kinahusu vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907 ambavyo vilianzia hapo hapo Umatumbini kwao bibi, Nandete, watu walipong'oa pamba ya Mjerumani. Ila shuleni tamthiliya zote tulisoma kwa kukariri, dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, mtihani ukiisha kitabu kinaenda uvunguni. Hakuna aliyetusimamisha hata siku moja tuyaseme yale maneno kwa sauti. Mi maigizo ya jukwaani nimekuja kuyapenda ukubwani, niko Dar, nilipoona Mashetani, ya huyo huyo Hussein, pale mwanzo Juma na Kitaru wanacheza ule mchezo wao wa shetani na binadamu chini ya mbuyu. Mbuyu haukuwepo, kulikuwa na stuli na kipande cha kaniki, na mi nikauona mbuyu na matawi yake. Tangu siku ile nikisikia kuna igizo mahali naenda. Na Kinjeketile ndo usiseme, yule mganga aliyewapa watu maji ya dawa wapigane na Mjerumani, kila mtu anajua maji hayakuzuia risasi, mwisho wake unaujua kabla hujakaa, na bado unakaa roho juu kwa sababu unamwona yule mtu anavyosogea huko hatua kwa hatua na huwezi kumshika.

Basi ilikuwa kipindi minada ya korosho imeanza, mji una hela na una watu, ukumbi ulijaa. Inaanza na wanawake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, wanaongelea njaa, wanaume wako kwenye shamba la pamba la Bwana Kinoo wanatumikishwa, ndani hamna kitu. Binti aliyecheza Bibi Kitunda alikuwa na ungo, anapepeta, na ungo hauna chochote ndani. Anaongea huku anapepeta, anaongea anapepeta, akifika kwenye habari ya chakula mikono inasimama yenyewe halafu inaanza tena. Bibi yangu akaguna "mh!" ile ya wazee, inayotoka kifuani. Mpaka hapo hakuna aliyesema kitu.

Afu Kinjeketile anapandwa na pepo, anavutwa mpaka mto Rufiji, anazama. Walitumia shuka la bluu tu, watu wawili wanalitikisa, ngoma moja inapigwa taratibu, wake za watu wanalia wameshakata tamaa, mara huyo anatoka na nguo kavu. Anaongea maneno ya Hongo, yule pepo, watu waungane, Mjerumani ataondoka, na tutakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Jukwaani wote wanashangilia, vigelegele. Bibi yangu hakushangilia. Vigelegele vilipokatika akasema, wala hakupiga kelele ila ukumbi ulikuwa umetulia kwa hiyo ilisikika, "Ee! Tutoke kwa Mjerumani turudi tena kwa Seyyid Said?"

Jamani. Kwa ambao hamlijui igizo, hapo ndo penyewe! Baadaye Kinjeketile mwenyewe anakuja kustuka kwa neno hilo hilo, ndo linalomtesa, ameshawaambia watu kitu ambacho hajui ni chake au cha pepo, na kitu chenyewe kinawatoa kwa bwana mmoja kinawapeleka kwa mwingine. Bibi hajawahi kukishika kile kitabu. Alilidaka hapo hapo, kabla mhusika hajalidaka. Sasa mtu aliyekulia nyuma ya Kilwa Kivinje, kalelewa na wazee ambao wazee wao waliona watu wanapitishwa na minyororo kwenda kuuzwa pale, utamweleza nini kuhusu sultani? Nyuma yetu watu waliguna kukubali, kuna mama akasema "sema mama, sema." Na yule kijana aliyecheza Kinjeketile, Mungu ambariki, alisikia, akageuza uso kidogo upande wetu, akakaa kimya kama mtu aliyechomwa na kitu, ndo akaendelea. Mwili ulinisisimka. Nimeona maigizo Dar, sijawahi kuona kitu kama kile.

Ndo akaja yule wa tochi. Anammulika bibi usoni, na mwanga ule mweupe wa simu, mzee wa watu anaziba macho kwa mtandio. "Bibi nyamaza, hapa siyo ngomani, watu wamelipa." Kwani sisi tuliingia bure? Nikamwambia, "Mdogo wangu, huyu mzazi, kwanza hujamwamkia, halafu zima hiyo tochi." Akanijibu kama hatuwezi utaratibu mlango ule pale. Nilitaka kusimama, bibi akanishika mkono, "Mwache mjukuu wangu, yuko kazini." Na tangu hapo bibi hakufungua tena mdomo. Wapiganaji wanakimbilia bunduki wanasema maji, maji, ukumbi wote unaitikia, bibi kanyamaza kimya. Igizo linaloongelea watu wake! Bibi aliyemlea yeye alikuwa mtoto mdogo vita ile ilipopita, njaa iliyofuata ndo ilimaliza ukoo, na bibi yangu ndo anaambiwa anyamaze.

Huo utaratibu kautoa wapi? Huyo huyo Hussein kaandika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi kwa mtindo wa mtambaji, yaani msimulia hadithi, na mtambaji bila wa kumjibu anatambia nani? Nenda Newala midimu, vile vinyago vya Wamakonde, ikitoka, mtu kavaa sura ya mti, watu wanamkimbia, wanamtania, wanamjibu, na yeye anawajibu kwa mwili. Watu wa huku wamekuwa wakiangalia maigizo kabla huo ukumbi haujawekewa hata tofali, leo anakuja kijana na fulana ya ukumbi kuwafundisha namna ya kukaa. Na kilichoniuma zaidi, mstari wa mbele yetu kulikuwa na bwana mmoja simu ikaita, akapokea, akaongea bei ya korosho na kilo ngapi zipo ghalani mpaka akamaliza. Hakumulikwa. Ukiongea na simu sawa, ukiongea na igizo unatolewa nje.

Nilikuwa nimepanga kuandika msiende kabisa. Ila nikikumbuka mwisho nashindwa. Kinjeketile kafungwa, kapigwa, wanamtaka aseme maji yalikuwa uongo, anakataa, kwa sababu akilisema hilo wajukuu wataambiwa babu zao walifia uongo. Yule wa kweli alinyongwa Mohoro, Agosti 1905, vita ndo kwanza inaanza. Na yule kijana hakupaza sauti hata kidogo pale, aliongea chini chini, midomo imekauka, mikono iko nyuma, unasikia hadi anavyomeza mate. Nililia, na wala sikuwa peke yangu. Kwa hiyo nendeni. Sijui, nendeni tu, ila mkienda na mzee kaeni katikati ya watu, wasiwe pembeni ambako hao wa tochi wanapita.

Baada ya onesho nilimfuata meneja, akasema "tutalifanyia kazi" huku anahesabu hela, uso hakuinua. Tulivyotoka nje ndo nikaona tofauti ya watu na watu, Kinjeketile mwenyewe akaja mbio, bado ana vumbi usoni, akamshika bibi mikono miwili, "Shikamoo bibi, ni wewe uliyesema ya Seyyid Said?" Bibi akaogopa, akadhani anagombezwa tena! Kijana akamwambia amecheza hiyo sehemu mara nyingi na leo ndo ameisikia. Wakakaa kwenye ngazi, bibi akamwonyesha usinga, ule mkia wa mganga, unavyoshikwa, siyo juu juu kama fimbo ya mwalimu, unalala kwenye mkono kwanza, unainuka pale neno linapotoka. Akajaribu, akamrekebisha kiwiko, akajaribu tena. Bajaji ilitusubiri mpaka dereva akaanza kupiga honi.

Kikundi mia kwa mia, popote watakapocheza, Lindi, Masasi, hata uwanja wa shule, nitawafuata. Ukumbi ule sirudi. Labda wakileta Mashetani, hapo sitaweza kujizuia, lakini bibi yangu ataongea. Na meneja nilimtumia meseji ndefu ya kistaarabu kabisa, imesomwa, haijajibiwa, radhi bibi hajaombwa mpaka leo.