Siku tatu Berlin: tiketi ipi ununue, ipi uiache

Mtu akienda Berlin mara ya kwanza huhangaika na ndege, hoteli na viza miezi miwili mizima, halafu suala la tiketi za mjini analiacha likamsubiri uwanjani. Anashuka na begi, anakuta mashine imejaa majina marefu ya Kijerumani, foleni nyuma yake imeanza kuguna, basi anabonyeza ile yenye picha nzuri. Pesa nyingi hupotea hapo, wala si kwenye mikahawa.

Msimamo wangu nauweka mapema. Berlin ni jiji ambalo vitu vyake vizuri kabisa ni vya bure, ila vimetawanyika. Unachohitaji kununua ni usafiri. Vifurushi vya watalii vinavyokuahidi kila kitu kwa bei moja vinakuuzia punguzo la mahali ambapo huenda usingefika.

Bei nitakazotaja ni za 2025, na kwa kawaida hupandishwa kidogo mwezi Januari, kwa hiyo ongeza senti kadhaa kichwani. Jambo jingine la kujua kabla ya yote ni kanda. A ni katikati ya jiji, B inafika mpaka wa jiji, C ni nje yake. Uwanja wa ndege wa BER uko C. Karibu kila kitu utakachotaka kuona kiko A na B. Ukielewa hilo tu, nusu ya majina kwenye ile mashine hayakuhusu tena.

Ya kwanza: tiketi ya saa 24, kanda AB

Euro 10.60. Tiketi ya safari moja ni 3.80, kwa hiyo safari ya tatu tu imeshajilipa, na siku ya kutembea Berlin haiishi bila safari tano. Inahesabu saa 24 kamili tangu uigonge muhuri, si mpaka usiku wa manane. Ukiigonga Ijumaa saa 8 mchana, Jumamosi asubuhi bado ni yako. Mgeni anayefika Ijumaa mchana na kuondoka Jumapili anahitaji mbili tu, pamoja na ile ya kutoka uwanjani (ABC ya safari moja, euro 4.70). Hesabu nzima ya usafiri wa wikendi haifiki euro 30. Unapanda treni za chini ya ardhi za U-Bahn, treni za S-Bahn, tramu na mabasi, vyote kwa karatasi ileile.

Mkiwa kundi, iko ya watu hadi watano. Wawili au watatu haiwafai, kuanzia wanne inalipa.

Kuhusu muhuri nitasema kwa sauti, maana wageni wengi wameumia hapa. Stesheni za Berlin hazina mageti. Unaingia kama unaingia sokoni, hakuna anayekuuliza kitu, ukadhani ni bure. Tiketi ya karatasi lazima uichomeke kwenye kisanduku kidogo kilichosimama jukwaani kabla ya kupanda, kikigongee saa na tarehe. Wakaguzi wengine huvaa nguo za kawaida: jamaa uliyemdhania abiria mwenzako, na kofia yake ya baridi, anasimama milango ikifungwa na kutoa kitambulisho. Ukiwa na tiketi halali uliyoinunua lakini hukuigonga, kwake ni sawa na huna. Faini ni euro 60, na "mimi mgeni" wameisikia kwa lugha zote. Ukinunua kwenye simu, soma kama imeanza kuhesabu papo hapo.

Ya pili: tiketi ya safari nne

Hii ni ya watu wa kutembea kwa miguu. Nne zinauzwa pamoja kwa bei nafuu kuliko moja moja, na kila moja unaigonga siku yake. Kama hoteli yako iko Mitte, karibu na Alexanderplatz au Friedrichstraße, na unasafiri na mtu asiyechoka, inaweza kuipiku ile ya kwanza. Kumbuka tu kwamba safari moja ni saa mbili kwa uelekeo mmoja. Kwenda na kurudi ni safari mbili hata kama umekaa huko dakika kumi.

Ya tatu: WelcomeCard

Usafiri na punguzo kwa pamoja, kuanzia saa 48. Ni ghali kiasi kuliko tiketi za saa 24 za muda uleule, na tofauti hiyo unairudisha tu ukiingia sehemu kadhaa za kulipia zinazoikubali. Kwa mtu mmoja au wawili siioni faida yake. Lakini mwenye watoto aipandishe hadi namba moja, kwa sababu mtu mzima mmoja anaruhusiwa kusafiri na watoto hadi watatu wa miaka 6 hadi 14 kwa kadi hiyo. Walio chini ya miaka 6 hawalipi usafiri hata hivyo.

Ya nne: Museumspass

Siku tatu mfululizo, makumbusho zaidi ya 30, euro 32. Ni kadi nzuri kwa mtu wa makumbusho, na kwa ziara ya kwanza ya siku tatu ni mtego wa heshima. Ukishailipia unajisikia una deni, unazunguka vyumba vya vyungu mpaka miguu inawaka, na jiji lenyewe hulioni. Tena nyingi hufungwa Jumatatu. Kama unataka kuiona tu sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, nunua tiketi ya Neues Museum peke yake. Na usidanganywe na miongozo ya zamani inayosifia Pergamonmuseum: imefungwa tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati, na hata sehemu ya kwanza imepangwa kufunguliwa 2027.

Ya mwisho: mabasi ya utalii ya kupanda na kushuka

Sitaki kuwa mkali, mvua ikinyesha yana paa. Ila basi la kawaida namba 100 linapita njia karibu ileile kwa tiketi uliyo nayo mfukoni. Lilianza 1990, mara tu jiji lilipoungana, kuunganisha mashariki na magharibi. Lipandie mwanzo wa njia, Zoologischer Garten, si katikati. Ngazi ziko nyuma ya dereva, viti vya mbele kabisa juu ndivyo vinavyogombewa, na wenyeji wanajua kabisa kwa nini unakimbia. Utapita mnara wa Siegessäule ule wa sanamu ya dhahabu, jumba la rais, jengo la bunge, barabara ya Unter den Linden, hadi Alexanderplatz chini ya mnara wa televisheni wa mita 368.

Kuna moja ambayo siiweki hata kwenye orodha: Deutschlandticket. Mtandaoni utaambiwa ni rahisi kupita zote, nchi nzima mwezi mzima. Kweli, lakini huo ni mkataba unaojirudia kila mwezi mpaka uukatishe, na kuukatisha ni kabla ya tarehe 10. Utakuwa umesharudi Mwanza, kadi yako ya benki bado inakatwa.

Hizo saa 24 uzitumieje

Kwanza vya bure. Kuba la kioo juu ya bunge, Reichstag, halina kiingilio, ila unajiandikisha mtandaoni kabla na unakwenda na pasipoti. Fanya hivyo ungali nyumbani, nafasi za jioni huisha mapema. Kumbukumbu ya Ukuta wa Berlin iko Bernauer Straße, bure, na ndipo mahali unapoelewa ukuta ulikuwa nini hasa: si ukuta mmoja, ni miwili, na katikati uwanja wa mauti. East Side Gallery ina mita 1,316 za ukuta wenye michoro. Nzuri kwa picha, haifundishi sana. Mawe 2,711 ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa yako hatua chache kutoka Lango la Brandenburg. Ukiingia katikati yake ardhi inashuka, mawe yanakuzidi kimo, na kelele za barabarani zinapotea.

Siku ya pili ningeitoa kwa laini moja tu ya treni, U6.

Shuka stesheni ya Naturkundemuseum. Kiingilio cha makumbusho ya historia ya asili ni kama euro 11, na hiki ndicho kiingilio pekee ninachokusihi ulipe. Ukipita mlango tu, kwenye ukumbi wenye paa la kioo, amesimama dinosaria Giraffatitan, mita 13.27 kwenda juu. Unaanza kumtazama miguuni, unapanda na mbavu, unapanda na shingo, mpaka kisogo chako kinagusa kola ya koti. Mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na ikabebwa na wapagazi, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha miaka michache tu kabla, katika nchi ileile. Aliyesimamia wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Watalii wengine hapo wanamwona dinosaria. Wewe utasoma neno Tendaguru kwenye kibao na kulitamka sawasawa, pengine peke yako ukumbini.

Rudi U6, elekea kaskazini, upande wa Alt-Tegel. Shuka Rehberge au Afrikanische Straße. Hapa ni Wedding, mtaa wa kawaida wa maghorofa na miti, hakuna basi la utalii linaloleta watu. Soma vibao vya barabara: Sansibarstraße, Usambarastraße, Tangastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Majina mengi yaliwekwa enzi za ukoloni au kwa kuutamani. Barabara moja ilipewa jina la mkoloni wa Kijerumani Carl Peters mwaka 1939, yuleyule aliyeitwa kwetu Mkono wa Damu. Tangu Agosti 2024, baada ya mabishano ya miaka mingi, kipande chake kinaitwa Maji-Maji-Allee. Hakuna cha kununua pale. Piga picha ya kibao, mtumie mzee wako.

Ukibaki na nguvu, pita Wilhelmstraße 92. Jumba la mkutano wa 1884 na 1885 ulioweka kanuni za kuigawa Afrika halipo tena. Utakuta kibao cha maelezo mbele ya majengo ya kuishi, na watu wakipita na mifuko ya sokoni.

Kwa wanaotokea Afrika Mashariki: viza ni ya Schengen, ada euro 90, pamoja na bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Omba hoteli inayoruhusu kughairi, na hizo tiketi za mjini usinunue hata moja kabla viza haijatoka. Haziishi.

Siku ya kuondoka usinunue ABC mpya kwa mazoea. Kama tiketi yako ya saa 24 bado haijaisha muda, mashineni tafuta Anschlussfahrausweis. Ni nyongeza ya kanda C, karibu nusu ya bei ya ABC, na pamoja na ile ya AB inakufikisha BER kwa treni yoyote, hata ile ya haraka ya FEX. Igonge nayo muhuri.