Macho yakizima, ununue nini kwanza?

Mjomba alipopoteza uwezo wa kuona kwa presha ya macho, kila ndugu alituma kwenye grupu la familia picha ya kifaa alichokiona mtandaoni. Vyote vinaahidi jambo moja: sikio au ngozi ifanye kazi ya jicho. Nimevipanga, kuanzia cha kununua leo hadi cha kuachana nacho.

Namba moja ni fimbo nyeupe, na usiniambie ni ya kizamani. Ncha inakwaruza lami, inagusa mchanga, ghafla inakosa kitu chini. Mkono umeshajua pana mtaro kabla mguu haujafika. Chukua inayofika kwenye chembe cha moyo mtumiaji akisimama wima. Ya kukunja haisumbui kwenye daladala, ila kabla ya kulipa vuta kila kiungo. Mpira wa ndani ukiwa umelegea, viungo vinacheza na mkono hausikii ardhi sawasawa. Kwa njia zetu za mashimo tafuta ncha nene inayozunguka. Nyembamba hunasa kwenye ufa, halafu mpini ukamchoma mtu tumboni.

Ya pili ni simu ya Android, na huenda tayari anayo. TalkBack humsomea kilichopo kwenye skrini, na sauti ya Kiswahili ipo. Be My Eyes, iliyoanza Denmark mwaka 2015, humuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea anayeweza kumsomea tarehe kwenye pakiti ya dawa. Programu ni bure, unalipia bando tu. Hela iliyobaki nunulia hedifoni zisizoziba tundu la sikio, maana asiyeona ukimziba masikio barabarani umemzima mara mbili.

Tatu, fimbo ya mawimbi ya sauti. Hufanya kama popo: hutuma mawimbi, yakigonga kitu na kurudi, mpini unatetema. SmartCane, iliyobuniwa kwenye chuo cha teknolojia cha IIT Delhi, India, huhisi vizuizi hadi mita 3 hivi. Faida yake ni moja, lakini kubwa. Fimbo ya kawaida hupita chini ya bati la kibanda lililojitokeza, na paji la uso ndilo linalolikuta bati. Mjomba ana kovu la kuthibitisha. Muulize muuzaji betri ikifa nani anatengeneza. Akianza kung'ata maneno, aga uondoke.

Nne ni The vOICe, programu ya Mholanzi Peter Meijer inayogeuza picha kuwa sauti, ambayo ipo bure kwenye Android. Kila sekunde hupitia picha ya kamera kutoka kushoto kwenda kulia: kilicho juu hulia kwa sauti nyembamba, kinachong'aa hulia kwa nguvu. Kuielewa kunataka mazoezi ya miezi, tena mahali pa utulivu. Kariakoo saa kumi jioni hutasikia kitu.

Mwisho kabisa, BrainPort. Kamera iko kwenye miwani, na kibao kidogo juu ya ulimi huchora picha kwa vichomo vya umeme, kama povu la soda. Wazo lilitokana na Paul Bach-y-Rita, mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, aliyeonyesha mwaka 1969 kwamba mgongo ukitetemeshwa na vitetemeshi 400 vya kiti vinavyochora picha ya kamera, mtu asiyeona anaweza kujifunza kutambua vitu. Sayansi yake naivulia kofia. Lakini bei imetajwa kuwa karibu dola 10,000, na ulimi ukiwa kazini huwezi hata kumuuliza mtu njia. Mjomba nilipomweleza aliuliza swali moja tu: kina ladha gani?