Tahadhari: "Kepteni" anayeuza kiti cha kulia hapa Mombasa

Marubani wapya, na nyinyi wazazi mliouza shamba ili mtoto apate leseni, tafadhali someni hii kabla hamjatuma hata shilingi moja. Kuna mtu hapa Mombasa anajiita Kepteni. Anawaahidi vijana waliotoka shule ya urubani kazi ya rubani msaidizi, yule anayekaa kiti cha kulia, kwenye ndege ndogo ya Cessna Caravan, kituo uwanja wa ndege wa Moi, safari za Ukunda, Malindi, Lamu na Maasai Mara. Kampuni hana, ndege hana. Amekula shilingi 231,000 zangu, na mpaka jana usiku nimeshawapata wenzangu sita aliowala vile vile.

Mimi ni msichana wa Mikindani. Nilipata leseni ya urubani wa biashara mwaka jana nikiwa na masaa 212 ya kuruka. Baba yangu alistaafu bandarini na kiinua mgongo chake, karibu chote, kimo ndani ya masaa hayo. Kwa asiyejua kazi yetu: ukifikisha masaa 200 na ukapita mitihani, leseni unapewa, ila kazi ni habari nyingine. Matangazo yote niliyoyaona yalitaka masaa 500, mengine 1,000, na si roho mbaya ya wenye kampuni. Mara nyingi ni kampuni ya bima inayokataa ndege ikabidhiwe mtu wa masaa machache. Kwa hiyo umekaa nyumbani na leseni mkononi, na huku karatasi zako zinaendelea kufa. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kwa mtu wa umri wangu ni miezi 12. Idhini ya kurusha kwa kutegemea vyombo, bila kuona nje, nayo inataka mtihani upya kila mwaka. Siku 90 zikipita hujaruka na kutua mara tatu, huruhusiwi kubeba abiria. Kila kimojawapo kukihuisha ni pesa, na pesa zenyewe zilishaisha shuleni.

Huyu mtu anaijua kalenda hiyo kuliko sisi. Siku ya kwanza aliyonipigia simu hakuniuliza masaa, hakuniuliza nilisoma wapi. Aliniuliza, "Medikali yako inaisha lini, dadangu?" Nikamwambia, miezi miwili. Nilidhani ananijali. Kumbe alikuwa anapima anibane kwa kasi gani.

Tulikutana hotelini Nyali, saa saba mchana. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na mistari minne ya dhahabu begani. Nikiri kwamba alijua mambo. Alinieleza jinsi unavyopita chini mara moja juu ya uwanja wa Mara kuwafukuza nyumbu kabla ya kurudi kutua, na namna matope ya masika yanavyoshika magurudumu. Mtu aliyesikia hadithi hizo akiwa mwanafunzi anataka kuziishi. Akatoa bahasha ya kaki, ndani mna barua ya ajira yenye majina yangu yote matatu, muhuri wa zambarau, na juu picha ya Caravan. Picha ile ndege yake ilikuwa na nambari inayoanza na 5H. Mimi ni rubani, najua 5H ni usajili wa Tanzania na wetu ni 5Y, na nilimwuliza. Akajibu bila kusita, "Tumeikodi kwa ndugu zetu, ya kwetu iko hanga inafanyiwa ukaguzi." Jibu linawezekana kabisa, kampuni hukodishana ndege. Kila nilichouliza alikuwa na jibu la namna hiyo, lenye ukweli kidogo ndani yake.

Kisha akataja "ada ya kiti cha kulia", shilingi 185,000, ya mafunzo ya laini. Siku tatu baadaye akaongeza 46,000 za medikali "kwa daktari wa kampuni" na pasi ya kuingia uwanjani. Nilituma zote kwa M-Pesa kwenye nambari ya mtu binafsi. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Nilipouliza akasema ni mhasibu wao.

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapoliwa. Mafunzo ya laini si bidhaa ya dukani. Ni safari za kampuni yenyewe, na abiria wake wenyewe, ukiwa umekaa na mkufunzi wa kampuni hiyo, chini ya cheti chake cha uendeshaji kile tunachokiita AOC. Hakuna wakala anayeweza kukuuzia, kwa sababu hana ndege ya kukupandisha wala mkufunzi wa kukutia sahihi. Na kabla ya kufika huko, Caravan yenyewe lazima iwe imeingizwa kwenye leseni yako baada ya mafunzo ya taipu, yaani ya aina hiyo ya ndege, kwenye shule iliyoidhinishwa. Yangu haikuwemo. Yeye alisema "tutaiingiza baadaye", na mimi niliyefaulu mtihani wa sheria za anga nikaitikia.

Tena Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Anayekaa kulia hajihesabii masaa kama msaidizi hivi hivi tu. Ni pale sheria au taratibu zilizoidhinishwa za kampuni zinapodai marubani wawili. Kwa hiyo hata kama angekuwa na ndege kweli, akakupandisha, huenda ungekuwa abiria mwenye visikizio masikioni, na masaa uliyolipia hayana kazi.

Kilichonipotosha zaidi ni kwamba nilikuwa nimesikia, na ni kweli, kuwa huko Ulaya na Asia zipo kampuni zilizowatoza marubani wapya pesa ili wapate masaa. Nikajiambia basi ndivyo dunia ilivyo siku hizi. Tapeli anajificha nyuma ya jambo lililopo.

Siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Mama aliamka usiku kunipigia pasi shati, akanichemshia chai, akaniombea dua mlangoni. Nikapanda matatu hadi Port Reitz. Barua ilisema geti la upande wa mizigo. Askari alichukua kitambulisho changu, akatazama orodha yake juu hadi chini, akarudia tena kwa kidole, akasema, "Mwanangu, jina lako halimo, na kampuni hii siijui." Nikapiga simu: mteja hapatikani.

Nilipogeuka niliwaona vijana wawili wamesimama chini ya mwarobaini, mashati meupe, suruali nyeusi, bahasha za kaki. Mmoja alitoka Kisumu, akashukia Nairobi, akapanda treni ya usiku hadi Miritini, na begi lake la nguo lilikuwa pale miguuni kwa sababu aliambiwa atapewa nyumba. Tukafungua barua zetu tukaziweka pamoja. Nambari ya kumbukumbu ilikuwa ile ile kwenye zote tatu. Yule kijana wa Kisumu hakusema neno. Aliikunja yake taratibu, mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa kama sanduku la kibiriti, akaitia mfukoni.

Tulikwenda polisi, tukaandika taarifa, tukapewa nambari za OB, daftari la matukio la polisi. M-Pesa nilijaribu kurudisha, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa zamani. Ukishtuka mapema, ule ujumbe wa muamala uutume palepale kwenda 456 uombe urejeshwe, na ujumbe wa tapeli uupeleke 333. Dakika ni muhimu.

Na hakuishia hapo. Wiki mbili baadaye alinipigia kwa laini nyingine, sauti ya upole, akisema kampuni "ilipata matatizo ya mtaji" na yeye anataka kunifidia: kwa 60,000 ataniandikia masaa 300 kwenye logibuku, daftari la rubani la masaa ya kuruka, yenye sahihi na mihuri, niende kutafuta kazi uwanja wa Wilson, Nairobi, nikiwa na zaidi ya 500. Nawaomba kwa Mungu, msikubali. Masaa hayo yanalinganishwa na kumbukumbu za ndege yenyewe, na ndege haidanganyi iliruka lini. Ukigunduliwa unaweza kupoteza leseni na kushtakiwa. Na hata usipogunduliwa, utakuwa umebeba watu juu ya Tsavo ukiwa na ujuzi ambao huna. Nilimkatia simu nikitetemeka.

Sasa, mtu akikupa kazi, fanya mambo haya kwanza. Uliza jina kamili la kampuni lililo kwenye AOC, kisha liulizie KCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kama cheti kipo na kama bado ni hai. Shule ya taipu nayo iulizie huko huko. Akisema yeye ni wakala wa ajira, mawakala wanasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Mwombe nambari na uihakiki wewe mwenyewe, usimwachie yeye akutumie picha ya cheti. Omba kuonana na rubani mkuu wa kampuni kwenye hanga yao, siyo hotelini. Pasi ya uwanjani huombwa na mwajiri. Na kama medikali yako bado ni hai, hakuna daktari wa kampuni wa kulipiwa kwa M-Pesa. Kazi za nje, Sudani Kusini, Kongo, popote, mamlaka ya anga ya nchi hiyo ndiyo inayokubali leseni yako, siyo mtu wa kati.

Sasa mimi nimejiunga na mafunzo ya ukufunzi, polepole, nalipa kadiri ninavyopata. Ndiyo njia ndefu, ila masaa ya mkufunzi ni yako kweli. Wengine naona wanaanza kwenye ofisi ya kupanga safari, wakishajulikana hapo wanapewa kiti. Na nendeni Wilson wenyewe, na CV mkononi, mlango kwa mlango. Nimefukuzwa milango mingi kule, lakini hakuna hata mmoja aliyeniomba pesa.

Wazazi, nanyi msiwafokee watoto. Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimekula. Wapo wenzetu waliolipa na hawajawaambia nyumbani hadi leo, wanatoka asubuhi na shati jeupe wakijifanya wanaenda kazini.

Kuna kundi jingine limepewa barua za kuripoti Jumatatu ijayo, nimeona moja, ni nambari ile ile ya kumbukumbu. Kama unayo, usipande treni, usiongeze pesa, hata akisema imebaki 10,000 tu ya sare. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe na barua hiyo na ujumbe wa M-Pesa, kisha nitafute unipe nambari yako ya OB niiunganishe na zetu.